Vifuniko Viwili vya Alfa

Katito,
3 Machi 1969

Kwa Mzee Zacchaeus,

Pokea salamu za nyumbani kwetu. Mimi ni Dorca, binti ya Walter aliyekuwa fundi wako wa bodi. Siku ya mazishi yake ulinipa mkono nami sikusema neno, nikatazama viatu vyako. Naomba usidhani nilikudharau. Mbele ya watu maneno yangu hukwama. Kwenye karatasi hutoka.

Nimeacha shule tangu Desemba, kwa sababu ada ilikuwa ikitoka mkononi mwa Baba. Sasa nakaa hapa Katito na mama yake Baba, ambaye sote tunamwita Dani. Yeye ni mfinyanzi. Baba mdogo wangu, Dishon, anatengeneza baiskeli sokoni, naye ndiye mkubwa wa nyumba sasa.

Siku ile nilikusikia ukimwambia jirani, "Walter ameniachia gari kipofu." Najua ni gari gani. Ni ile Alfa nyeupe ya Kitaliano mliyoitoa kwenye maji. Baba alinieleza kwamba kila kitu kimekwisha isipokuwa vifuniko vya taa za mbele, vile vinavyokaa juu ya taa kama kope zinazopitisha mwanga. Alisema havipatikani Kisumu wala Nairobi, ila vinaweza kutengenezwa kwa udongo wa Dani. Unajaza udongo katika tundu la taa, unaulainisha mpaka ufuate mstari wa madigadi kana kwamba hapakuwa na tundu, unautoa, unauchoma kama chungu. Hiyo inakuwa kalibu. Kisha unachukua pespeksi, ile plastiki ngumu iliyo wazi kama kioo, unaitia kwenye joto mpaka ilegee, unailaza juu ya kalibu, nayo inapoa ikiwa na sura ile.

Alinieleza mimi kwa sababu wengine nyumbani walichoka kusikia habari za gari hilo. Mimi sikuchoka.

Naomba unipe nafasi nijaribu. Sitaki malipo. Ninachotaka ni kimoja: vifuniko vikikaa, uniandike gerejini nijifunze kazi ya Baba. Najua mimi ni msichana. Sina mahali pengine ninapotaka kwenda.

Wako mtiifu,
Dorca

---

Kondele, Kisumu
14 Machi 1969

Binti ya Walter,

Barua yako nimesoma, halafu Wangui mke wangu akaninyang'anya akasoma, akaniuliza, "Huyu si yule mtoto asiyesema?" Nikamwambia ndiye huyo. Kumbe mdomo wake uko kwenye kalamu.

Nikueleze hali. Gari lile lilikuwa la Mzungu wa mashamba ya miwa. Lilizama Ahero mwaka wa mafuriko, yeye akaliacha kama mtu anavyoacha kiatu kwenye tope. Mimi na baba yako tulilivuta kwa ng'ombe. Tangu hapo tumekuwa tukilifufua jioni, baada ya kumaliza kazi za wateja. Kuna daktari wa meno wa Nairobi anayelitaka. Alikuja, akalizunguka, akapiga magoti mbele ya taa na suruali yake nzuri, akasema bila vifuniko halichukui. Ana haki. Bila vifuniko, maji na vumbi huingia kwenye vile vikombe vya taa, fedha ya ndani inaliwa na kutu, na ukiwasha unapata mwanga wa mshumaa.

Nikiuza, nitaezeka upande wa pili wa gereji na kuandika mafundi wapya. Nisipouza, nina gari zuri la kutazama.

Sasa hiyo nafasi yako. Sijawahi kuandika msichana. Wenye gereji wenzangu watacheka, na vijana wangu hapa watacheka kuliko wao. Lakini Walter hakunidanganya hata siku moja. Vifuniko vikikaa, njoo na ovaroli. Nimelisema mbele ya Wangui, na Wangui hasahau kitu, muulize mtu yeyote aliyewahi kuazima ungo wake.

Pespeksi ninayo kidogo. Niliikata kwenye madirisha ya ndege mbovu iliyouzwa kama vyuma chakavu. Njoo Jumamosi yoyote na udongo wako.

Zacchaeus Ndirangu

---

Katito,
20 Mei 1969

Kwa Mzee Zacchaeus,

Nisamehe kwamba siku niliyokuja sikusema ila "ndiyo" na "hapana". Yule kijana wako aliponiuliza kama nimekuja kufinyanga chungu cha kuchemshia injini, nilitafuta jibu. Nililipata nikiwa nimeshafika Ahero.

Kalibu zilisafiri salama, nimezipakata njia nzima. Zilikauka polepole chini ya kitanda cha Dani, kisha tukazichoma pamoja na vyungu vya soko, kwa nyasi na samadi kavu. Hazikupasuka. Mama Milka anayeoka mikate alituazima tanuri lake la pipa. Pespeksi ya kwanza ilijaa mapovu kama uji, nikaililia. Mama Milka akasema, "Hata mikate yangu ya kwanza ililiwa na mbwa. Tia nyingine." Iliyofuata ililegea vizuri kama ngozi mbichi, nikaibana kwa blanketi, ikachukua kila uzi wa blanketi. Basi Dani akatoa gagulo lake laini la kwendea kanisani, akasema Mungu atamvumilia.

Hivi ninavyokutumia vimetoka kwenye gagulo hilo. Viko wazi kabisa. Nikitia mkono nyuma yake, naona mpaka mistari ya kiganja. Kondakta wa basi ameahidi kukushushia kikapu mkononi. Usikipige teke, ndani ya majani ndimo vilimo.

Nimeanza kuamka mapema nikidhani nimechelewa kazini.

Dorca

---

Kondele,
2 Juni 1969

Dorca,

Vifuniko ni vizuri. Nasema hilo kwanza kwa sababu linalofuata si zuri.

Havikai. Vinatumbukia ndani ya tundu kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Pande zote panabaki nafasi ya kupitisha kidole changu, na kidole changu umekiona. Nimebadilisha, cha kulia nikaweka kushoto. Nimelala chini nikatazama kutoka huko. Nimetukana kwa Kikuyu, nikajaribu na Kiswahili.

Sielewi. Udongo uliushindilia ndani ya tundu lenyewe mpaka ukingoni, mimi nikiwa nimesimama hapo. Wewe hukukosea, na gari halikui.

Vijana wamevitundika dirishani. Jua la asubuhi likipita humo Wangui anasema ni kama kanisa. Lakini daktari wa meno hanunui kanisa. Niandikie ni nini kimetokea.

Zacchaeus

---

Katito,
11 Juni 1969

Kwa Mzee Zacchaeus,

Nimemsomea Dani barua yako, nikiifasiri kwa Kijaluo. Alicheka mpaka akaweka kiko chini. Alisema, "Udongo hunywea. Ukikauka unanywea, ukichomwa unanywea tena. Ukitaka chungu cha ukubwa fulani, unafinyanga kikubwa kuliko hicho. Kuna mwanamke hapa asiyejua?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza. Tangu nizaliwe sijafinyanga chungu kinachotakiwa kuingia mahali."

Ndivyo ilivyokuwa, Mzee. Baba alijua chuma na aliujua udongo wa mama yake kwa kuutazama tu. Dani anaujua udongo, lakini hajawahi kuona gari lile. Mimi nililelewa Kisumu kwa ajili ya shule, nikakaa katikati yao nikidhani nimeelewa yote. Nimeharibu pespeksi yako na nafasi yangu pamoja.

Kama bado kuna kipande, naomba nirudie. Nitafinyanga vijiti vya udongo vya urefu ninaoujua, nivichome, nione vinapungua kiasi gani. Kisha nitakuja kuchukua umbo upya na kulikuza kwa kiasi hicho.

Ukiniambia basi, nitaelewa.

Dorca

---

Kondele,
24 Julai 1969

Dorca,

Sijasema basi. Nafasi iko palepale, Wangui ameniuliza habari zako hata leo. Lakini ulisema utakuja kuchukua umbo, na Jumamosi zinapita bila wewe.

Mji umepoa tangu waziri alipouawa kwa risasi Nairobi mwanzo wa mwezi huu. Watu wana huzuni na hasira, huwezi kuwalaumu. Sisi ni wazima. Kazi gerejini ni nyingi mno, hata nakosa muda wa kula. Njoo upesi.

Zacchaeus

---

Katito,
8 Agosti 1969

Kwa Mzee Zacchaeus,

Nimekuwa na homa ndiyo maana sikuja, na daktari amesema nisisafiri. Nakuomba unisaidie. Laza gazeti juu ya kila tundu, ulisugue kwa kaa la moto lililozimika mpaka ukingo utoke mweusi, ulikate hapo. Kisha kata makadi magumu yafuate mgongo wa madigadi, uandike kila moja limetoka wapi. Ukinitumia hayo nitafanya bila kuliona gari.

Vijiti vyangu vya udongo vimenipa jibu. Katika kila sehemu kumi, moja hupotea.

Msalimie Mama Wangui.

Dorca

---

Kondele,
5 Septemba 1969

Dorca,

Magazeti na makadi ni haya. Kondakta aliyeleta barua yako amenitajia jina la homa yako. Ni mimi. Amesema baba yako mdogo hataki mguu wako ukanyage kwa Mkikuyu.

Sikulaumu kwa uongo huo, kwa sababu mimi pia nilikuandikia kazi ni nyingi. Hapa kuna gari moja, la mwalimu anayepitia mlango wa nyuma. Watu niliowatengenezea magari tangu kabla ya uhuru wanavuka barabara wakiniona. Sokoni Kibuye Wangui anauziwa samaki mwisho, wenzake wakishatosheka. Huko kwetu nako kuna watu wanaosema na kufanya mambo ambayo yakinifikia naona haya. Baba yako mdogo hana kichaa: waziri aliyeuawa alikuwa Mjaluo mwenzake, na aliyeshtakiwa ni Mkikuyu mwenzangu. Ana sababu zake.

Daktari wa meno anakuja Jumapili, tarehe 26 Oktoba. Amesema ni mara ya mwisho. Akilichukua gari, nitaezeka nilivyosema, nitabaki, nawe utaingia. Asipolichukua, Wangui ameshafunga masanduku na mimi sitakuwa na la kumjibu.

Pespeksi niliyofungia humu ndiyo ya mwisho. Hakuna nyingine. Ukishindwa, usiniandikie barua ndefu.

Zacchaeus

---

Katito,
Ijumaa, 24 Oktoba 1969

Kwa Mzee Zacchaeus,

Barua hii na vifuniko vinaletwa kwako na baba mdogo mwenyewe, Dishon. Ndiye aliyenikataza. Tafadhali usimwonyeshe kwamba unajua.

Nilimficha kazi hii kwa wiki nyingi. Jana alinikuta kwa Mama Milka nikifunua kitambaa. Alichukua kifuniko kimoja akakiinua juani.

"Hiki ni cha yule Mkikuyu wa Kondele?"

"Ni cha Baba," nikasema. Sijui niliwezaje.

Alikizungusha muda mrefu. Alikijaribu juu ya taa ya baiskeli ya mteja, ikafunikwa yote, akacheka kidogo. Kisha akasema, "Walter alikuwa mkaidi hivi hivi. Wewe hutakwenda mjini Jumamosi, Rais anakuja kufungua hospitali na watu ni wengi. Malori yanabeba bure. Nitakwenda mimi, nimpe mtu wako vitu vyake, nirudi na lori lilelile."

Nimemwomba jambo moja, nawe nakuomba ulikubali. Asiondoke mpaka avione vyote viwili vimefungwa. Nakufahamu sasa, Mzee. Hata visipokaa utaniandikia kwamba vimekaa, ili usinivunje moyo. Baba mdogo hawezi uongo. Mteja akimuuliza kama tairi litafika Kendu Bay, humwambia halitafika, mteja huenda kwa fundi mwingine. Yeye akiniambia vimekaa, nitajua vimekaa.

Ovaroli ya Baba nimeikata miguu na kuipindia. Inanitosha ukinitazama kutoka mbali.

Dorca

---

Katito,
19 Novemba 1969

Kwa Mzee Zacchaeus,

Naandika kwa sanduku lako la posta la Kisumu, sijui kama bado unalifungua.

Baba mdogo hakurudi. Lori lililomchukua asubuhi lilirudi Katito saa sita likiwa nusu tupu. Hakuwemo. Jioni ndipo tulipoanza kuwaona watu wanaotembea kwa miguu kutoka Ahero, wengine bila viatu, wakisema askari wa msafara wa Rais wamefyatua risasi mjini na watu wameanguka barabarani.

Amri ya kutotoka nje ilipolegea tulikwenda, mimi na Dani. Tulikwenda hospitali, tulikwenda mahali maiti zinapowekwa, tulikwenda kituoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza, kwa sababu Dani hajui Kiswahili. Nimezungumza na watu wengi wiki hizi kuliko maisha yangu yote. Hakuna aliyekuwa na jina lake. Gerejini kwako tulikuta mnyororo, na mtu akatuambia tusisimame pale.

Sikuulizi habari za gari wala za nafasi. Nataka kujua kama alifika kwako. Kama alifika, aliondoka wakati gani, na alielekea wapi. Tafadhali.

Dorca

---

Nakuru,
11 Januari 1970

Dorca,

Barua yako imenifikia kwa kuzunguka sana. Tuliondoka Kisumu Jumatatu ile, kwenye lori, na vitu vilivyoingia. Alfa haikuweza kuvutwa. Daktari wa meno hakuja, barabara ilikuwa imefungwa, na baadaye akaandika kwamba amepata gari lingine. Sina gereji tena. Nimeajiriwa hapa na mtu ambaye ni mdogo kuliko mwanangu, namwaga oili na kuosha mikono. Ile nafasi niliyokuahidi haipo. Nimetafuta namna nyingine ya kuliandika hilo, sikuipata.

Kuhusu ndugu ya Walter. Alifika mapema asubuhi. Alinikabidhi mzigo pale mlangoni akaondoka hapohapo. Hata chai hakunywa. Barua yako niliifungua alipokuwa ameshakwenda, kwa hiyo yale uliyoomba hayakuwezekana. Labda alipitia kwa rafiki, sijui. Vifuniko nilivifunga mwenyewe baadaye, nikiwa nimejifungia ndani. Vimekaa.

Hujamtuma mtu kwenye jambo baya. Ulimtuma kwangu, na kwangu alitoka salama na mapema. Shika hilo. Wangui anakulilia, hataki kuandika.

Zacchaeus

---

Katito,
8 Machi 1970

Kwa Mzee Zacchaeus,

Asante kwa kunijibu.

Tumemzika baba mdogo mwezi uliopita. Kwa kuwa mwili haukuonekana, wazee walifanya inavyofanywa kwetu. Walikwenda kwenye mti wa yago wakakata tunda lake, lile refu zito kama mguu wa mtu, wakalivisha shati lake na kulilaza kaburini. Dani hakukubali kusogea. Alikaa jikoni akisema hawezi kulilia tunda.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kondele peke yangu. Sikuomba ruhusa, hakuna tena wa kunikataza. Nilibeba bisibisi ya Baba. Nilitaka kuvitoa vifuniko nivilete nyumbani, Dani apate kitu cha kushika.

Mlango wa gereji umeng'olewa. Alfa iko palepale. Haina magurudumu wala viti. Turubai la juu limechanwa, na mvua ya siku hizi imejaa ndani mpaka kwenye pedali. Kuna vyura humo. Taa za nyuma zimechukuliwa, vioo vya pembeni vimechukuliwa. Vifuniko vya mbele walijaribu. Kuna mikwaruzo mahali bisibisi ilipoteleza. Viliwashinda, wakaacha.

Nilipiga magoti kama yule daktari wako wa meno na kupitisha ukucha kuzunguka ukingo, kulia na kushoto. Hapana pengo. Lakini nilihisi kitu laini, nikainama karibu.

Kati ya kifuniko na bodi kuna mpira. Mimi sikukuletea mpira, Mzee. Sote wawili tulisahau kwamba pespeksi haiwezi kubanwa juu ya chuma hivihivi, itapasuka. Ni mpira wa tyubu ya baiskeli, umekatwa utepe mwembamba usiozidi upana wa kijiti cha kiberiti, na kila ulipounganishwa umekatwa mshazari, ukakwaruzwa na kubandikwa kwa solusheni, ile gundi ya tyubu, mpaka huwezi kuona mwisho wala mwanzo. Nimemwona mtu mmoja tu akiunganisha tyubu hivyo. Nilikuwa nikikaa karibu naye siku za likizo nikimshikia mkasi. Alikuwa akitembea na solusheni mfukoni kila alikokwenda, hata kanisani.

Upo chini ya vifuniko vyote viwili. Ni kazi ya asubuhi nzima kwa mtu asiyefanya haraka, naye hakuwa akifanya haraka.

Kwa hiyo hakuondoka hapohapo. Alikaa, akaona mnakosea, akatoa mkasi. Lori lake lilikuwa likirudi Katito naye amekaa sakafuni kwako anakata mpira, kwa sababu mimi nilimwambia asiondoke mpaka avione vyote viwili.

Najua kwa nini uliniandikia ulivyoandika. Nilijaribu kuishi na maneno hayo tangu Januari, na usiku mwingine yalinisaidia. Sikukasirikii. Ila naomba usiniandikie tena kwamba alitoka mapema. Kama siku moja utaweza, niandikie alikuwa akisema nini wakati akikata. Kama mlizungumza. Kama alicheka na vijana. Hayo tu.

Mimi nafinyanga na Dani sasa. Anasema vyungu vyangu ni vikubwa mno, wanawake sokoni wanavigusa na kupita. Mkono umezoea kuongeza, na nikiukumbusha unasahau. Ovaroli tumeifanya matambara ya kulainishia udongo.

Vifuniko sikuvitoa. Niliweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza nikatazama ndani. Gari zima limejaa maji, lakini nyuma ya vifuniko vile vikombe vya taa ni vikavu. Hakuna hata ukungu. Fedha yake inang'aa kama siku mliyoifunga.

Wewe uliniandikia kwamba vimekaa. Nilikuwa nikimngoja yeye aniambie.

Ameniambia.

Dorca